Mfumo Ukikosea, Kwa Nini Alipe Abiria?

Nimekuwa kimya kidogo, majukumu yalibana. Leo nina jambo linalonikera na sitalizungusha: bei ya tiketi ikikosewa, alipe aliyeikosea. Na yeyote anayetaka kutuletea habari za pointi za "abiria mwaminifu" aanzie hapo kwanza, ndipo tumsikilize.

Nasema hivyo kwa sababu kuna sentensi moja imeingia nchini na imekaa kama mwenye nyumba: "Mfumo ndivyo unavyosema." Ukiisikia dirishani, ujue mjadala umefungwa. Zamani karani wa tiketi alikuwa na jina, na juu yake kulikuwa na msimamizi mwenye mlango wa kugonga. Alikuwa mkali, pengine alitaka chai, lakini alikuwa mtu. Mfumo hauna mlango. Hauna shikamoo wala pole. Na cha ajabu, jamani, mfumo huu ukikosea kwa hasara ya abiria unaitwa mfumo, ukikosea kwa faida ya abiria unaitwa wizi.

Nianze mbali kidogo, halafu nitarudi kwetu Busunzu.

Huko Marekani shirika la reli la Amtrak lina mpango wa pointi tangu mwaka 2000. Ukilipa dola moja ya nauli unapata pointi mbili, zikijaa unakata nazo tiketi. Kwa miaka mingi tiketi ya pointi ilipangwa kwa kanda: ukivuka kanda fulani unatoa pointi kadhaa, hata kama siku hiyo nauli ya fedha iko juu sana. Wajanja wakajua kuchagua njia ndefu na vyumba vya kulala vya bei mbaya, wakavilipia kwa pointi chache. Januari 2016 Amtrak wakabadilisha: kuanzia hapo idadi ya pointi ikafuata bei ya tiketi. Aliyekuwa ameziweka akiba miaka mingi kwa safari yake ya ndoto akaamka na kuambiwa hesabu ni nyingine.

Jirani zetu Kenya wana Bonga Pointi za Safaricom tangu 2007. Mwaka 2022 kampuni ilitangaza kwamba pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu bila kutumika zitafutwa. Mnaona? Pointi ni fedha ambayo aliyeitoa anaweza kuishusha thamani au kuifuta kwa tangazo moja. Ni ahadi tu, na ahadi ina uzito sawa na aliyeitoa.

Sasa njoo kwenye makosa ya bei. Februari 2015 tovuti ya shirika la ndege la United ilikosea kubadilisha fedha za Denmark. Tiketi za daraja la kwanza kutoka London kwenda Newark, ambazo kwa kawaida ni maelfu ya dola, zikaonekana kwa chini ya dola 100. Watu wakazinunua kwa maelfu. United wakazifuta zote. Wanunuzi wakalalamika Wizara ya Usafiri ya Marekani, na mwezi huo huo wizara ikasema haitawalazimisha United kuwasafirisha. Mei 2015 ikaeleza msimamo wake kwa ujumla: shirika linaweza kufuta tiketi ya bei ya makosa, lakini lithibitishe kwamba ni kosa kweli, lirudishe nauli yote, na juu yake lilipe gharama ambazo mteja aliingia kwa kuiamini tiketi ile, kama hoteli isiyorudisha fedha.

Rudia kusoma sehemu hiyo ya mwisho. Kampuni inaruhusiwa kukimbia kosa lake, lakini njia ya kukimbilia ni ya kulipia. Hata Marekani, nchi ya mabepari wasio na aibu, wameona kwamba mtu akipanga safari kwa kuamini karatasi yako, umemgharimu.

Tuje kwetu.

Busunzu, kwa wasioijua, ni kata ya wilaya ya Kibondo, mkoa wa Kigoma, upande wa kuelekea Kasulu. Ni nchi ya vilima, maharage, muhogo na migomba. Reli haipiti kwetu. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 ikipitia kusini huko: Kaliua, Nguruka, Uvinza, Kazuramimba. Lakini ukitaka kujua reli ile ilibeba nani, waulize Waha wa Kibondo na Kasulu.

Wazee wetu waliteremshwa kwa malori hadi kwenye reli, wakapakiwa kwenda kwenye mkonge wa Morogoro na Tanga. Tangu mwaka 1944 kulikuwa na ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU, kazi yake kusaka vibarua mikoani, na Buha ilikuwa moja ya visima vyake vikubwa. Waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Namba ndiyo iliyohesabiwa, jina lilibaki nyumbani. Leo mjukuu wa manamba akitaka kusafiri kwa SGR naye anapewa namba, namba ya malipo, na akidhulumiwa anaambiwa aitaje hiyo namba kwanza.

Halafu mnaniambia uaminifu? Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ile ni kilomita kama 1,250. Mtu aliyekwenda na kurudi mara mbili tu kwa mwaka, kwa miaka kumi, amesafiri kilomita 50,000. Amezunguka dunia na chenji imebaki. Kama pointi zingehesabiwa kwa kilomita, kuna mama wauza dagaa na mawese ambao leo wangekuwa wanasafiri bure mpaka kufa.

Na uaminifu wao haukuwa wa siku za raha. Walisafiri na TRC iliyozaliwa 1977 baada ya Jumuiya kuvunjika. Walisafiri na TRL mwaka 2007, RITES wa India walipopewa asilimia 51 na tukaahidiwa mbingu. Mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 yalipobeba tuta la reli, wakabaki wanahangaika. Mwaka 2011 serikali ikaichukua tena kampuni, na mwaka 2017 sheria mpya ikarudisha jina la TRC. Jiulizeni: kama mwaka 2006 tungekuwa na pointi zetu kwenye daftari la TRC ile ya zamani, nani angezitambua 2007? Nani 2011? Nani 2017? Abiria alikuwa yule yule, behewa lile lile, lakini mwenye kampuni alibadilika kila mara, na kila anayekuja husema madeni ya mwenzake hayamhusu. Ndiyo maana mimi sirukii pointi. Nataka kwanza nimwone mwenye kulipa.

Sasa sikilizeni kisa kidogo. Agosti 2025 shangazi yangu alitoka Busunzu kumpeleka mjukuu wake wa miaka tisa hospitali Dar es Salaam. Siku hizi wengi wa kwetu hupanda basi Kibondo, wakapita Nyakanazi, Kahama, Nzega na Singida hadi Dodoma, pale wakaingia SGR. Shangazi ana simu ya tochi. Kwa hiyo alikwenda kwa wakala mmoja mjini Kibondo, kijana mwenye meza, simu mbili na mwavuli, akamkatia tiketi mbili za kutoka Dodoma.

Nauli za SGR si siri. LATRA walizitangaza kabla treni haijaanza Juni 2024: daraja la kawaida, mtu mzima, shilingi 69.51 kwa kilomita. Dodoma hadi Dar es Salaam ni kilomita 444. Chukua kikokotoo cha simu, utapata 30,862, na nauli iliyotangazwa ni shilingi 31,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu, shilingi 15,500. Bibi na mjukuu ni shilingi 46,500. Shangazi alilipishwa 62,000, na juu yake "hela ya kazi" ya kijana.

Mimi niliziona zile tiketi alipofika Dar. Mtoto ameandikwa mtu mzima. Nikampigia wakala. Hakunitukana, tena alikuwa na adabu: "Kaka, mimi nilijaza tu, mfumo ndio ulioleta hiyo bei. Na mfumo ukishapokea hela haurudishi." Nikamwambia, mfumo haukumwona mtoto, wewe ulimwona, amesimama mbele yako ameshika kanga ya bibi yake. Akasema atafuatilia. Mpaka leo anafuatilia.

Kosa hapa ni la kijana yule na meza yake, simbebeshi mtu mwingine. Lakini angalieni jinsi lilivyofungwa kila upande. Shangazi akidai kwa wakala, anaambiwa mfumo. Akienda stesheni, atakuta namba iliyolipa ni ya wakala, simu iliyolipa ni ya wakala, kila kitu kinamjua wakala. Yeye anajulikana kama jina kwenye tiketi iliyokwisha kutumika. Shilingi 15,500 kwa mgonjwa aliye mbali na kwao ni chakula cha siku kadhaa na bodaboda za kwenda kliniki. Shangazi alisema, "Mwanangu, achana nayo, tumefika salama." Watu wetu wamezoea kununua amani kwa hela zao wenyewe.

Geuzeni sasa. Tuseme yule kijana angekosea upande wa pili, shangazi mwenye mvi akaandikiwa tiketi ya mtoto. Kuna anayeamini kwamba angefika getini akasema "mfumo ndivyo ulivyosema" akapita? Angewekwa pembeni. Angeambiwa alipe tofauti hapo hapo au abaki Dodoma na mgonjwa wake. Hakuna ambaye angemwambia "tutafuatilia." Kosa la abiria linatatuliwa kwa dakika tano, kosa dhidi ya abiria halina tarehe. Huo ndio mzizi wa ugomvi wangu.

Na msidhani sheria iko kimya. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ilitungwa mwaka 1961 kwa kufuata ile ya Wahindi ya 1872. Inasema makubaliano ni batili pale pande zote mbili zinapokosea juu ya jambo la msingi. Kosa la upande mmoja peke yake halitoshi kuuvunja mkataba. Maana yake, muuzaji aliyeandika bei mwenyewe hawezi kuamka asubuhi akasema nilipitiwa, ongeza hela. Tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mteja. Tuna LATRA, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini. Vyombo vipo. Lakini nani atafungua shauri la shilingi 15,500? Nauli ya kwenda kulalamika ni kubwa kuliko dai. Wanaotuzidi ujanja wanajua hivyo, na ndiyo maana dhuluma ndogo ndogo zina faida: kila moja iko chini ya bei ya kuidai.

Kuna atakayesema, "Mwandishi nawe, unataka kampuni ifilisike kwa sababu mtu alisahau sifuri moja?" Hapana. Mimi si mwizi wa makosa. Mtu akiuziwa tiketi ya Dodoma kwa shilingi 310 anajua fika kwamba kuna sifuri zimedondoka, asijifanye mtakatifu. Tiketi hiyo ifutwe. Lakini ifutwe kabla mtu hajatoka nyumbani, na kama ameshapanda basi Kibondo kwa kuiamini, alipwe hilo basi. Ninachokataa ni mzani wenye sahani moja.

Mwingine atasema, "Watu hawana maji, wewe unaongelea pointi." Ndugu yangu, pointi zimeshafika, tena zimepita mbele yako. Kampuni za simu huwatunza wateja wanaofanya miamala mingi kwa pointi na vizawadi. Sasa kule Busunzu nani anafanya miamala? Wakala! Kijiji kizima kinalipia nauli, ada za shule na dawa kwa simu ya kijana mwenye mwavuli, na kila muamala unahesabiwa ni wake. Mama ametoa hela, uaminifu umeandikwa kwa jina la mwingine. Ukileta mpango wa pointi za treni leo bila kufikiri, utakuwa umechukua safari za watu mia ukamzawadia mmoja, tena yule yule anayewakosea bei.

Wanaokumbuka foleni za stesheni ya Kigoma miaka ya 2000 wanajua ninachosema. Unaambiwa daraja la tatu limejaa, unageuka nyuma, mlanguzi anazo tiketi tano mkononi. Tukashangilia jina lilipoanza kuandikwa kwenye tiketi na malipo yakahamia kwenye simu, tukasema ulanguzi umekufa. Umebadilisha shati tu. Zamani alilangua kiti, leo analangua ujuzi wa kubonyeza.

Kwa hiyo hoja zangu ni hizi.

Kwanza, bei iliyolipwa ndiyo bei. Tiketi ikishatoka na fedha zikishapokelewa, abiria asiongezewe hata shilingi, labda kosa liwe la wazi kiasi kwamba mtoto wa darasa la pili analiona. Hapo ifutwe mapema, nauli irudi yote pamoja na gharama za aliyeiamini.

Pili, abiria aliyetozwa zaidi arudishiwe bila barua, bila kwenda makao makuu. Mfumo unaojua kupokea hela usiku wa manane unajua pia kurudisha. Na zirudi kwa mwenye jina kwenye tiketi, zisipitie mfukoni mwa wakala.

Tatu, kila anayekata tiketi kwa niaba ya wengine jina lake na namba yake vichapwe kwenye tiketi hiyo. Nauli halali ya mtu mzima na ya mtoto zichapwe hapo hapo, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo shangazi anaziona bila miwani.

Nne, mkileta pointi, zihesabuni kwa kilomita na ziwekeni kwenye kitambulisho cha msafiri, simu iliyolipa isihusike. Ukihesabu kwa shilingi, bwana mkubwa wa daraja la juu anayekwenda Dodoma kwenye kikao atazidi kwa safari chache mama anayesafiri daraja la kawaida mwaka mzima. Na iandikwe katika kanuni kwamba pointi ni deni, na atakayeirithi kampuni ameurithi na mzigo wake.

Kwa nini napiga kelele sasa? Kwa sababu mkataba wa kipande cha SGR cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Treni hiyo itakapofika, wajukuu wa manamba watakuwa wa kwanza kupanga foleni, kama walivyofanya babu zao. Sheria za mchezo zikiwekwa baada ya mechi kuanza, tunajua nani atafungwa.

Wanasiasa wetu wa Kigoma wanapenda kusimama bungeni kuulizia reli itafika lini. Swali zuri. Naomba mmoja wao aongeze la pili: ikifika, na karani au wakala akakosea bei, abiria wa Busunzu atamdai nani, kwa njia gani, na baada ya saa ngapi? Akijibiwa kwa saa, nitampigia makofi. Akijibiwa kwamba "suala hilo linafanyiwa kazi," tujue mfumo umesema.

Huo ni mtazamo wangu. Wewe mdau uliyewahi kuzidishiwa nauli ukanyamaza, ulinyamaza kwa sababu hela ilikuwa ndogo au kwa sababu hukuona mlango wa kugonga? Tuambiane. Na ukikata tiketi leo, ya basi au ya treni, isome kabla hujaondoka dirishani, hasa kama unasafiri na mtoto.

Naomba kuwasilisha.